Apolo Kivebulaya, Mtu Aliyevuka na Jembe



Kama umefika kwenye sherehe yetu hii ukitokea ng'ambo ya mpaka, basi habari ya foleni unaijua. Unatoa karatasi yako, askari anaigeuza juu chini, anakuuliza unakwenda kwa nani na unarudi lini, unajibu, unasubiri, halafu unavuka. Sasa hebu nikupeleke nyuma, mwaka 1896, kaskazini ya hapo Mpondwe, upande wa pili wa milima ya Rwenzori. Mtu mmoja anateremka kwenye bonde la mto Semliki. Haulizwi karatasi na mtu yeyote, maana mpaka wenyewe haujapimwa bado. Amevaa kanzu nyeupe, ana vitabu vyake, na begani amebeba jembe.

Huyo ni Apolo Kivebulaya. Jina lake wengi wetu tunalijua tangu utoto, wale wa Uganda na wale wa Kongo, kila mmoja akimdai ni wa kwao. Lakini ukiuliza maisha yake yalikwendaje, mara nyingi unapewa mwisho tu: mtakatifu, mtume wa msituni, basi. Mwanzo wake unarukwa. Mimi naona mwanzo ndio wenye faida kwetu, kwa sababu mwanzo wake haukuwa mzuri hata kidogo.

Alizaliwa karibu na mwaka 1864 huko Singo, katika Buganda. Alikuwa pacha. Ukiwa na rafiki Mganda utajua kwamba pacha wa kiume wa kwanza huitwa Waswa na wa pili Kato, na wazazi nao hupata heshima ya kuitwa Salongo na Nalongo. Yeye alikuwa Waswa. Waswa Munubi ndilo jina alilokua nalo. Nyakati zile Kabaka Mutesa alikuwa amefungua mlango kwa wageni: waalimu wa Kiislamu waliotoka pwani, na baadaye wamisionari wa Kiprotestanti na mapadri wa Kikatoliki. Kijana mwenye akili alitaka kusoma, na kusoma kulikuwa kwa yeyote aliyekuwa na kitabu. Waswa alianza kusoma kwa Waislamu. Baadaye akasikia mafundisho ya Alexander Mackay, yule Mskoti aliyefika Buganda mwaka 1878, fundi wa chuma na mbao, mtu wa kupiga nyundo mchana na kufundisha jioni. Mbegu iliingia hapo. Lakini wewe na mimi tunajua mbegu inaweza kukaa ardhini muda mrefu.

Mutesa alipofariki mwaka 1884 akaja Mwanga, na mambo yakachafuka. Unajua habari ya mashahidi wa Uganda, sitairudia hapa. Mackay mwenyewe alifukuzwa nchini mwaka 1887 na akafa mwaka 1890 kusini mwa ziwa. Mwaka 1888 Mwanga akapinduliwa, kisha vikafuata vita ambavyo watu walijipanga kwa majina ya dini, na Wakristo wengi wakakimbilia Ankole. Waswa alikuwa kijana wa bunduki katika vita hivyo. Alianzia upande wa Waislamu, akamalizia upande wa Wakristo. Usidhani huko kuhama kulikuwa wokovu. Siku zile mtu aliweza kubadili kambi jinsi abiria anavyobadili gari, akiangalia lipi linaondoka. Alivuta bangi, alikunywa, aliishi kwa bunduki. Jamani, tusimpambe. Katika ushirika wetu wako ndugu waliotoka kwenye makundi ya silaha na wengine waliotoka kwenye mitungi, na najua wengine huona haya kusimama mbele na kusema. Wasome habari hii.

Mwaka 1891 afisa Mwingereza, Kapteni Lugard, aliondoka Buganda na msafara mkubwa kuelekea magharibi. Waswa alikuwa mmoja wa waliokwenda. Hebu fikiria safari yenyewe. Hakuna barabara. Unavuka vinamasi vya mafunjo kiunoni, unapanda vilima vya Ankole vyenye ng'ombe wenye pembe ndefu, unashuka tena, na siku moja mawingu yanafunguka mbele yako unaona kitu cheupe juu angani. Ni theluji. Kilele cha Rwenzori kina zaidi ya mita 5,100 na kiko karibu kabisa na ikweta, na mara nyingi kimejificha, unaweza kukaa wiki nzima chini yake usikione. Msafara ule ulimrudisha Kasagama kwenye kiti chake cha Toro, ukasonga hadi ziwa Albert kuwachukua askari wa Kisudani walioachwa huko na Emin Pasha.

Kazi ya msafara si mapigano tu. Ni mizigo, ni kambi za kujenga na kubomoa, ni njaa, ni kuona nchi za watu na kuona walivyoteseka kwa ajili ya watu wenye bunduki kama wewe. Ndiyo maana nasema Apolo aliijua njia ya magharibi kabla hajamjua vizuri aliyeiumba. Aliijua kwa miguu. Miaka michache baadaye, kanisa lilipotafuta watu wa kwenda Toro na ng'ambo yake, wengi waliiogopa nchi ile kwa sababu hawakuiona kamwe. Yeye alikuwa ameiona.

Jina la Kivebulaya nalo lilitoka katika maisha hayo. Kwa Kiganda maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Alipenda kuvaa koti la Kizungu pamoja na kanzu yake. Wengi husimulia kwamba lilikuwa koti jekundu la kijeshi. Watu wakamcheka, jina likabaki. Ni utani wa kijiweni kabisa, kama vile leo mtu anavyoitwa kwa jina la jezi anayovaa. Na ajabu ni kwamba mtu huyu aliyeitwa kitu cha Ulaya ndiye aliyekuja kuonyesha kuliko wengi kwamba Injili ingeweza kupelekwa na Mwafrika kwa Mwafrika, bila Mzungu kutangulia njiani.

Sasa fika Desemba 1893. Hapa sisi wa Kipentekoste tuketi vizuri. Alikuwako mmisionari msomi, George Pilkington, mtafsiri wa Biblia ya Kiganda. Alikuwa amechoka, na moyo wake ulikuwa mkavu kiasi cha kutaka kuacha kazi. Akaenda kisiwa cha Kome ndani ya ziwa akakaa peke yake, akasoma kijitabu cha mwinjilisti mmoja Mtamil wa Asia, akamwomba Mungu amjaze Roho Mtakatifu. Aliporudi Mengo akatubu mbele ya watu. Mikutano ikaanza, watu wakaungama dhambi zao hadharani, na kwa miezi iliyofuata walimu wa Kiganda wakaanza kutumwa kila upande, mamia kwa mamia. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka 10 kabla ya Azusa Street. Huwa nashangaa tunaposimulia historia ya uamsho kana kwamba daima ulikuja kwetu na meli.

Katika wimbi hilo Waswa alisimama. Januari 1895 akabatizwa, akachagua jina Apolo, la yule Myahudi wa Aleksandria katika kitabu cha Matendo, mtu hodari wa maneno ambaye alikubali kukalishwa chini na Priskila na Akila akafundishwa upya. Mwaka huohuo akajitolea kwenda Toro kuwa mwalimu. Askari alirudi kwenye njia aliyoijua, safari hii hana bunduki.

Alifanya kazi kwanza pembeni mwa Rwenzori. Halafu habari ikaja kutoka Boga, ng'ambo ya Semliki. Walimu wawili wa Kiganda, Petero Nsugerwa na Sedulaka Makwata, walikuwa wametangulia huko, na chifu wa Boga, Tabaro, alikuwa amewapokea mwanzoni. Lakini mambo yakaharibika. Watu walinyimwa ruhusa ya kuwapa chakula, na njaa ikawarudisha. Hapo ndipo jembe linapoingia. Kabla ya kuvuka, Apolo alinunua jembe kwa kauri, zile simbi zilizokuwa fedha ya wakati ule. Hesabu yake ilikuwa rahisi: wakininyima chakula, nitalima.

Naomba usipite hapo haraka. Wainjilisti wangapi tumewaona wakifika mahali na begi la nguo tu, na siku ya tatu wanauliza nani anapika? Apolo alifika Boga akiwa na njia ya kula. Hakuwa mzigo, na kwa sababu hakuwa mzigo hakuweza kufukuzwa kwa njaa. Alilima, alijenga, akafundisha watu kusoma. Katika Buganda na Toro waamini waliitwa wasomaji, maana kuamini na kusoma vilikwenda pamoja. Ulijifunza herufi ili umsikie Mungu mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

Tabaro alimchukia. Nitakuomba umfikirie Tabaro naye kwa haki. Alikuwa mtawala wa Wahema wa Boga, nchi ndogo ya ng'ombe juu ya ukingo wa bonde, iliyobanwa kati ya msitu wa Ituri na wafalme wenye nguvu wa upande wa mashariki. Bunduki zilikuwa zimepita kwake mara nyingi. Sasa anakuja Mganda, aliyekuwa askari, mwenye koti la Kizungu, anakusanya watu wake, anawaambia waache pombe na hirizi na wake wengi. Wewe ungekuwa chifu ungedhani nini? Mimi ningedhani jeshi liko nyuma. Na pia, tuseme kweli, mafundisho yale yalimgusa Tabaro nyumbani kwake mwenyewe.

Akampiga. Watu wa Apolo wakasumbuliwa, nyumba zikachomwa. Kisha mwaka 1898 likatokea jambo zito. Nyumba ilikuwa ikijengwa, majani ya kuezekea yamekusanywa, na ndani ya majani kulikuwa na mkuki. Dada wa Tabaro akauangukia, ukamchoma, akafa. Haikuwa njama ya mtu. Lakini chifu alimwona dada yake amelala maiti, na aliyekuwa na kosa machoni pake alikuwa palepale. Apolo akashtakiwa mauaji, akafungwa, akapelekwa Toro, akatiwa gerezani kwa mashtaka ambayo yangeweza kumpeleka kwenye kitanzi.

Na sasa yuko ndani, amefungwa, kazi ya Boga imesambaratika, jina lake limechafuka. Si mtu wa jiwe. Alikata tamaa. Nadhani alifanya ile hesabu ambayo kila mtumishi huifanya usiku: je, nilitumwa kweli, au nilijituma?

Usiku akiwa katika hali hiyo, alimwona Bwana Yesu aking'aa kama jua. Akamwambia ajipe moyo, kwa maana yu pamoja naye. Apolo alisimulia jambo hili maisha yake yote, kwa maneno machache na bila madoido. Hakulifanyia mkutano. Alisema tu kwamba tangu usiku ule, akihubiri, watu waliacha ya kale wakageuka. Najua katika ushirika wetu maono husimuliwa sana, na mengine, Mungu anisamehe, hukua kila yanaposimuliwa tena. Ono la Apolo halikukua. Miaka 30 baadaye lilikuwa na urefu uleule.

Hatimaye akaonekana hana hatia, akafunguliwa. Wewe ungekwenda wapi? Alirudi Boga. Fikiria yule chifu anamwona mtu aliyempeleka kitanzini anapanda tena ule ukingo, hana askari, hana barua ya kulipiza kisasi. Si silaha iliyomshinda Tabaro. Baadaye chifu yule akaamini, akabatizwa kwa jina Paulo. Paulo, mtesaji wa kanisa. Aliyechagua jina hilo alijua anafanya nini.

Kanisa lilimweka Apolo kuwa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Nitayapita haraka mambo ya vyeo, kwa sababu naye aliyapita haraka. Mwaka 1922 alifanywa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, akabaki kwenye nyumba yake ya kawaida. Hakuoa. Alikuwa na mchumba, yule binti akafa, na Apolo hakutafuta mwingine. Lakini nyumba yake haikuwa kimya, ilijaa watoto na vijana aliowalea, kuwasomesha na kuwashikisha jembe.

Miaka mingi ya katikati aliitumia Toro, akizunguka kwa miguu milimani na mabondeni. Wakati huohuo wakubwa wa Ulaya walikuwa wakichora. Mwaka 1910 walikubaliana juu ya mipaka, tume zikaja na vyombo vya kupimia, na mwisho wa hesabu zao Boga ikajulikana kuwa ni ya Kongo ya Wabelgiji. Waumini wale walilala chini ya Waingereza wakaamka chini ya Brussels bila kuhama hata hatua moja. Kanisa lao likawa kanisa la kigeni katika ardhi yao wenyewe, na serikali mpya haikuwa na hamu na Waprotestanti waliotoka Uganda. Wengine wangesema basi, Mungu amefunga mlango. Apolo, akiwa mtu wa miaka 50 na zaidi, alivuka kurudi kwa watu wake akakaa huko.

Hapa ndipo nawaona ninyi, wapendwa wa ng'ambo zote mbili. Ushirika wetu una mikutano ambayo nusu ya watu hawawezi kufika kwa sababu karatasi hazikutoka, na michango inayokatwa mara mbili kwa kubadilishwa fedha. Tunalalamika, na tuna haki ya kulalamika. Ila tujue kazi ya namna hii ilianza siku ileile mpaka ulipowekwa.

Mwaka 1921 Apolo akasema amesikia tena sauti, ikimtuma kwa watu wa msituni. Magharibi ya Boga nchi wazi inaisha ghafla na msitu wa Ituri unaanza. Ukiingia, jua linabaki nje. Humo waliishi Wambuti, wawindaji wa nyavu na mishale, watafuta asali, wanaojenga vibanda vya majani kwa siku moja na kuhama wiki ijayo. Wakulima wa pembezoni walifanya nao biashara na wakati huohuo waliwadharau, wengine hawakuwahesabu kuwa watu kamili. Na nasikitika kusema dharau hiyo haijaisha, hata ndani ya makanisa yetu. Bado tunawataja kama mfano wa umbali ambao Injili imefika, badala ya kuwaita kwa majina yao na kuwapa kiti cha mbele.

Apolo aliwafuata. Mtu wa miaka karibu 60, aliyezoea kuwa na bustani na nyumba, sasa anatembea kwenye vijia ambavyo mgeni havioni, anakaa nao kwenye vibanda vyao, anajifunza maneno yao. Huwezi kujenga kanisa la matofali kwa watu wanaohama. Lazima uhame nao, au uwafundishe wengine wahame nao. Alifanya yote mawili, na vijana aliowalea Boga ndio walioendelea kuingia msituni. Idadi haikuwa kubwa. Kabla hajafa baadhi ya Wambuti walikuwa wamebatizwa, wachache, na kwake hao wachache walitosha kumfanya atake kuingia tena.

Mwaka 1933 mwili ukakataa. Moyo wake ulikuwa umechoka, akajua hatoki tena Boga. Tarehe 30 Mei alifariki, akiwa na miaka karibu 70, hakuacha mali ya kugombaniwa. Mwaka 1972 Boga ikawa makao ya dayosisi, na kutoka hapo kanisa la Kianglikana likaenea sehemu nyingi za Kongo. Miaka hii Boga imeonja risasi na ukimbizi kupita kiasi. Baadhi yenu mnaosoma hapa mna jamaa walioikimbia, na wengine mnajiandaa kurudi.

Kabla ya kufa alikuwa ameacha agizo moja. Desturi ilikuwa kumzika mtu kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu, kwa sababu kazi ya huko ilikuwa haijaisha. Waliochimba kaburi walilipima hivyo, na ndivyo alivyolazwa.